Barua ya wazi kwa mawaziri wawili: mwalimu bora apelekwe darasa la kwanza

Kwa Waheshimiwa,
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
na Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MWALIMU WA DARASA LA KWANZA

Waheshimiwa Mawaziri, mbukwenyi.

Hivyo ndivyo tunavyosalimiana huku, na kwa kuwa ofisi zenu sasa ziko Ugogo naamini mmeshazoea kuitikia. Ninawaandikia wote wawili kwa pamoja kwa sababu mwalimu wa shule ya msingi ana mabwana wawili. Mtaala, vitabu na uthibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule, ni vya Wizara ya Elimu. Kituo cha kazi, mshahara na uhamisho vinapitia TAMISEMI na halmashauri zake. Ukipeleka shida huku unaambiwa ni ya kule, ukifika kule unaulizwa kama umeanzia huku. Nimeona heri niwaweke meza moja.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi, Wilaya ya Chamwino, na kwa sasa mjumbe wa kamati ya shule ya kijijini kwetu. Nitakayoyasema anayajua kila mwalimu aliye kazini. Wao hawaandiki kwa sababu mnazozijua. Mimi sina tena faili la kutishiwa nalo.

Siombi madarasa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamefurika shuleni, na Serikali haikukaa kuwatazama. Fedha za UVIKO-19 zilijenga vyumba 15,000 nchi nzima, vya sekondari na vya shule shikizi (zile ndogo za kuwasogezea huduma watoto wa mbali), kisha zikaja za mradi wa BOOST kwa ajili ya awali na msingi. Ukitoka Dodoma mjini kuja Chamwino unaona mabati mapya yanang'aa. Ninachotaka tukizungumze ni kinachoendelea ndani ya vyumba hivyo kengele ikishagongwa.

Ombi langu ni kwamba mwalimu hodari kuliko wote katika kila shule ya msingi apangwe darasa la kwanza au la pili, abaki huko miaka isiyopungua mitatu, alipwe kitu kwa kubaki huko, na awe na mtu wa kumsaidia kazi hiyo darasani kwake.

Sasa hivi tunafanya kinyume chake, na tunafanya hivyo kwa akili timamu. Mwanzoni mwa Januari mwalimu mkuu anakaa na walimu wake kugawana vipindi. Anajua kwamba matokeo ya darasa la saba yakishuka ataitwa kwenye kikao cha tathmini wilayani, asimamishwe mbele ya wenzake aeleze. Sijawahi kusikia mwalimu mkuu aliyesimamishwa aeleze kwa nini watoto wa darasa la kwanza hawajui kusoma. Basi walimu wenye nguvu wanapelekwa la sita na la saba. La kwanza anapewa anayekaribia kustaafu, au mgonjwa, au kijana aliyeripoti juzi na hajaona hata mshahara wa kwanza, au mwalimu wa kujitolea ambaye wazazi wanamchangia nauli. Darasa la saba lina mtihani wa wiki, wa mwezi, wa kata, wa ujirani mwema, mock ya wilaya na mock ya mkoa. Lina kambi, na watoto wanalala shuleni na magodoro yao. Darasa la kwanza lina boksi la chaki. Ni sawa na kumpa kibarua achimbe msingi, halafu ukamwita fundi mkuu siku ya kupaka rangi.

Huwa naomba ruhusa ya mwalimu mkuu nikae nyuma ya darasa la kwanza. Ubaoni kumeandikwa ma, me, mi, mo, mu. Mwalimu anapitisha fimbo, darasa zima linaitikia, mabati yanatetemeka. Mgeni angeondoka ameridhika. Kisha naomba nimjaribu mtoto mmoja. Nagusa "mo" peke yake. Mtoto hanijibu, anarudi mwanzo, midomo inacheza bila sauti, ma, me, mi, akifika kidole kilipo anatangaza kwa furaha: mo! Nikiiandika "mo" hiyohiyo pembeni, mbali na zile nyingine, anapotea kabisa. Amekariri wimbo na amekariri mahali pa kusimama. Kitabu nacho ni vivyo hivyo. Ukurasa wenye picha ya mama anayeteka maji anausoma wote bila kukosea neno. Ukiifunika picha kwa kiganja, anaacha kutazama kitabu na kukutazama wewe usoni.

Mtoto huyo ataingia la pili, kisha la tatu, na huko masomo yote yanamtaka asome ndipo ajifunze. Kuanzia hapo anakuja shuleni kunakili ubaoni. Nimewaona wenye mwandiko mzuri ajabu, daftari safi, vema nyekundu kila ukurasa, na hawawezi kukusomea mstari mmoja wa walichoandika wenyewe.

Watu hudhani darasa la kwanza ni jepesi kwa kuwa kinachofundishwa ni a, e, i, o, u. Nimefundisha hisabati darasa la saba na nimefundisha kusoma darasa la kwanza. La saba ni mapumziko. Mwalimu anayeijua kazi hii hufundisha sauti kabla ya jina la herufi. Huzichanganya silabi makusudi ili wimbo usipatikane. Anajua mapema kwamba mtoto aliyevuka "ba" na "ka" atakwama kwenye "mba", kwenye "ng'o" na kwenye "nywa", na anajua yupi amekwama wapi. Tena anafanya hayo yote katika kipindi cha dakika 30. Mwongozo wenu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 45. Chukua darasa la watoto 100, ambalo vijijini kwetu si la kushangaza: akitaka kumsikiliza kila mmoja, kila mmoja ana sekunde 18, na hapo hajafuta ubao wala kumtoa nje anayelia.

Huku kwetu kuna jingine. Mtoto wa vijijini Bahi au Chamwino amelelewa kwa Kigogo, wa Kondoa kwa Kirangi, wa Kwa Mtoro kule Chemba huenda kwa Kisandawe, ambacho hata si cha Kibantu. Kiswahili cha kutwa nzima anakutana nacho shuleni. Anaweza kuunganisha silabi zake vizuri, akatamka neno sawasawa, asijue amesema nini. Mwalimu mzoefu huliona hilo usoni mwa mtoto, akamletea kitu chenyewe, au picha, na mara nyingine akamnong'oneza kwa Kigogo mthibiti ubora akiwa amegeuka upande mwingine.

Kalenda nayo haituonei huruma. Mwaka wa masomo unaanza Januari, na kwa Dodoma huo ni wakati wa kulima huku ghala limepwaya. Mavuno ni Mei na Juni. Sauti za kwanza mtoto anafundishwa katika miezi ambayo nyumba nyingi zinapika mara moja kwa siku. Uwele na mtama vikianza kukomaa, kweleakwelea wanaingia, na anayepelekwa kuamia ndege ni huyuhuyu wa miaka saba, maana kaka yake yuko na ng'ombe. Uji wa saa nne humleta mtoto shuleni kuliko barua yoyote ya mtendaji wa kijiji. Wazazi tunachanga mahindi, ila mwaka wa ukame mchango huo ndio unaotangulia kukatika. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Nayataja ili mjue kwamba mwalimu wa darasa la kwanza katika mkoa huu anahitaji kuwa mtu wa kurudi nyuma na kuwaokota waliokosa wiki mbili. Anayekimbizana na azimio la kazi, yaani mpango wa masomo wa mwaka, atafika Novemba akiwa na watoto kumi.

Mtaniuliza kwa nini nimekuja na haya sasa. Ni kwa sababu ya sera yenu wenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Walioingia la tatu mwaka huo watamaliza shule ya msingi 2027 wakiwa la sita, pamoja na la saba wa mwisho, na Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa mpigo. Najua ofisi zenu zinahesabu vyumba na madawati ya mwezi huo. Sijui kama kuna anayehesabu wasiojua kusoma. Zamani mtihani wa darasa la saba uliwachuja hao, kwa ukatili kabisa, wakarudi machungani na hakuna aliyeuliza. Sera mpya inataka kila mtoto aendelee hadi kidato cha nne, na mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini maana yake ni kwamba yule mtoto wa "mo" sasa atakaa darasani miaka kumi, minne ya mwisho akifundishwa kwa Kiingereza. Na mwaka mmoja ambao angeweza kuokolewa, ule wa saba, tumeuondoa.

Mtasema walimu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, na walimu vijana waliohitimu wako mitaani wanaendesha bodaboda. Waajirini. Ila ninachokiomba hakisubiri ajira. Shule yenye walimu sita inao bora wawili kati ya hao sita. Swali ni wanakaa wapi, na hilo linajibiwa na waraka wa ukurasa mmoja.

Upo upande wa fedha, na ni mdogo. Mwaka 2016 Serikali iliwapa walimu wakuu wa shule za msingi posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Lilikuwa jambo jema, lilirudisha heshima ya ofisi ile. Mwalimu anayekubali kukaa darasa la kwanza miaka mitatu apewe hata robo yake. Kwa sasa hodari akipangwa huko anaona ameadhibiwa, na wenzake ofisini wanamtania kuwa amerudishwa chekechea. Msitegemee shule impe kitu kutoka kwenye ruzuku. Kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka kiliwekwa enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, dola moja ikiwa karibu shilingi elfu moja, na elimu bila malipo ilikirithi vilevile. 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule, yaani shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto. Nyie mnajua bei ya daftari.

Nije kwa yule wa kumsaidia. Tunaye mratibu elimu kata. Anayo posho, na wengi walipewa pikipiki. Anapofika shuleni watoto wenyewe wanajua ratiba yake: atasaini kitabu cha wageni, ataomba maandalio ya somo, ataangalia kama azimio la kazi lina sahihi ya mwalimu mkuu, atachukua takwimu, ataaga. Wapo waratibu wa namna nyingine, nimefanya nao kazi. Wanakaa nyuma kipindi kizima, wanawasikiliza watoto watano wakisoma, halafu wanakaa na mwalimu chini ya mti na kumwambia, "Wale wa dirishani hawakukusikia leo, na ile silabi umeipita haraka." Mwalimu akiambiwa hivyo mara mbili kwa muhula anabadilika kuliko aliyepelekwa semina ya wiki nzima. Tatizo ni kwamba mratibu wa aina hii hapati alama yoyote kwa kufanya hivyo. Anayepongezwa ni aliyewahi kutuma takwimu.

Wakenya walilifanyia kazi hili. Katika mpango wao wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima kuanzia 2015, ofisa wa eneo alitakiwa aingie darasani, aangalie somo likifundishwa, awasikilize watoto wachache wakisoma na aingize alichokiona kwenye kishikwambi. Nauli yake ilihusishwa na ziara alizofanya. Sisi vishikwambi tunavyo tayari. Na hata sisi tuliwahi kulijua. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana wa darasa la saba walichukuliwa kuwa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, wakisomea kazi kwa barua na kwa redio huku wanafundisha, wakufunzi wakiwafuata shuleni kwao. Walidharauliwa sana, na elimu yao ilikuwa ndogo kweli, ila kulikuwa na mtu anayewafuata. Kijana wa leo ana diploma, anaachwa peke yake kwenye shule ambayo basi linafika mara moja kwa siku.

MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ilikusudiwa kuziba pengo hilo, na kwa maandishi ni mpango mzuri: walimu wa shule moja wakae katika jumuiya ya kujifunza, waweke tatizo la darasani mezani, walitafutie dawa. Katika shule nilizopita, jumuiya imegeuka kikao cha kujaza fomu na kupiga picha ya ushahidi wa kurusha kwenye kundi.

Hayo makundi ya WhatsApp nayo, Waheshimiwa, yanakula vipindi. Ujumbe unaingia saa tatu asubuhi: "Takwimu za matundu ya vyoo zifike kabla ya saa sita, atakayechelewa ajieleze kwa maandishi." Takwimu zilezile zilitumwa mwezi uliopita, na matundu hayajaongezeka. Anayetumwa kuzihesabu ni mwalimu mwenye simu nzuri, ambaye kwa kawaida ndiye kijana wa darasa la kwanza. Watoto wanaachiwa kiongozi wa darasa aandike majina ya wapiga kelele. Pigeni marufuku takwimu za papo kwa papo muda wa vipindi vya asubuhi. Hilo halina gharama yoyote.

Dodoma tumebahatika kwa miradi. EQUIP-T ilitufikia kuanzia 2014, kisha ikaja Shule Bora, na zote mbili ziliwagusa walimu wa madarasa ya chini. Nilishuhudia walimu wakirudi wameiva, wana zana za maboksi na vizibo vya soda, wanafundisha mpaka unatamani uwe mtoto tena. Januari iliyofuata mwalimu mkuu naye akaona wameiva. Akawapandisha la sita.

Ndiyo maana nasema miaka mitatu, na nasema iwe kwa waraka, wala isiwe ushauri. Waraka huo uguse na uhamisho. Kumfuata mwenza ni haki ya mtumishi na sitaki iondolewe, lakini mwalimu wa darasa la kwanza anayeondoka Aprili aondoke mwenzake akiwa amesharipoti. Tangu Serikali ihamie Dodoma, maombi ya kuja jijini hayaishi, na shule zilizo kandokando ya jiji zina walimu wa kutosha kuliko zile za kilomita 60 kutoka hapo, ambako mabati ni mapya na ofisi ya walimu ina viti viwili.

Lipo jambo moja nitaligombania zaidi ya yote. Kila mtoto anayemaliza darasa la pili asomeshwe kwa mdomo, peke yake, aya fupi ya Kiswahili ambayo hajawahi kuiona, mbele ya mtu asiye mwalimu wake. Msitengeneze orodha ya shule bora na shule za mwisho. NECTA, Baraza la Mitihani, wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, na walifanya vizuri. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, bila majina ya watoto: waliopimwa ni wangapi, wanaosoma ni wangapi. Wazazi wa kwetu wengi hawajui kusoma barua hii, lakini kuhesabu wanajua. Wakisikia nusu ya watoto hawasomi, mwenyekiti hatamaliza mkutano kwa amani, na mwalimu mkuu kwa mara ya kwanza atakuwa na sababu ya kuliogopa darasa la pili kama anavyoliogopa la saba. Watakaobainika wapewe saa moja kila siku ya kufundishwa kwa kiwango chao, hata wakiwa la tatu au la nne, wakae na wa kiwango sawa bila kujali umri. Saa hiyo ipatikane kwenye ratiba rasmi, maana ikiachwa iwe ya jioni itakuwa ya kulipia, na maskini hatakuwepo.

Kwa upande wetu, kamati itaendelea kuchangisha mahindi na itawasemesha wazazi wanaowatuma watoto kuamia ndege. Hilo ni letu, hatuwezi kuwasukumia nyie. Lenu ni waraka. Walimu wakuu wanagawa vipindi wiki ya kwanza ya Januari, wengine wanamaliza Desemba kabla ya kufunga shule. Ukitufikia Novemba utakuta karatasi bado ni nyeupe. Ukifika Februari, hodari wetu atakuwa kambini na darasa la saba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
mjumbe wa kamati ya shule,
Wilaya ya Chamwino.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Ofisa Elimu Msingi, na mwalimu mkuu yeyote anayepanga ratiba yake wiki hii.